Gego haliumi tena, ya nini kulivalisha kofia?

Assalaam alaykum, Daktari.

Mimi ni mama wa watoto wanne, umri wangu miaka 39, mkazi wa Makorora hapa Tanga mjini. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi mlangoni kwangu, jioni nakaanga mihogo na kachori. Nakuandikia kwa sababu nimesikiliza kila mtu mpaka kichwa kimejaa, na sasa nataka kumsikia anayeijua kazi yenyewe.

Nina gego la chini kushoto, lile kubwa la kwanza. Lilikuwa na tundu la miaka, chakula kikiingia natoa na njiti, maisha yanaendelea. Kabla ya Ramadhani iliyopita nilikuwa nimekaa na wanangu tunamumunya ubuyu, nikajisahau nikatafuna kokwa. Nikasikia "ka!" na kipande cha jino kikanibaki ulimini. Usiku ule sikulala. Maumivu yalipanda mpaka sikioni. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikasaga karafuu nikaijaza tunduni, ikaniunguza ufizi na jino likazidi kupwita. Kulipokucha nikapanda bajaji hadi kliniki moja hapa mjini. Daktari akapiga picha, akasema tundu limeshafika kwenye neva, ila jino linaokoleka. Akatibu mizizi, nikawa naenda narudi mpaka ikaisha, akaliziba na kitu cheupe. Akaniambia, "Mama, hii nimekuwekea ya muda tu. Kusanya pesa urudi tulivalishe kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino zima, usichelewe."

Nimechelewa. Maumivu yalikatika, na tangu hapo halijaniuma hata mara moja, si kwa chai ya moto si kwa maji ya friji. Bei alizonitajia ni sh 350,000 kwa kofia ya kaure juu ya chuma, na sh 600,000 kwa ile anayoiita zirkonia. Nikasema moyoni, jino lisiloniuma nililipie pesa yote hiyo? Juzi juzi nikiwa natafuna mkate tu, si kitu kigumu, kipande kingine kikamomonyoka upande wa ndani, wa ulimi. Sasa ulimi unakwaruzwa. Bado haliumi.

Mume wangu ni mtu mwema, hanibani, lakini yeye anaona ling'olewe kwa sh 20,000 tumalize. Ananikumbusha kwamba la upande wa kulia niling'oa nilipokuwa namnyonyesha mtoto wa tatu, na sikufa. Mama mkwe ndiye kanimaliza, kaniambia, "Mwanangu, jino la pembe si dawa ya pengo." Wifi yangu wa Dar es Salaam anasema niling'oe nikapandikizwe lile la skrubu. Jirani yangu alivalishwa kofia, ikamchomoka harusini akila biriani, na ilipotoka ilikuwa na harufu mbaya hata akaona haya. Halafu kuna kijana anapita majumbani, anavalisha watu vifuniko vya kung'aa kwa sh 40,000 papo kwa papo. Ameshawavalisha watu mtaani kwetu.

Kinachonitia hofu zaidi ni kuchongwa. Nimesikia jino huchongwa lote kuzunguka mpaka linabaki kijiti. Sasa jino limeshavunjika, halafu tulichonge tena?

Mwezi ujao zamu yangu ya mchezo inafika. Pesa ile niliipangia friza, niuze barafu na juisi. Niambie ukweli, Daktari. Nilivalishe, niling'oe, au niliache hivi hivi kwa kuwa haliniumi? Na kama ni kofia, ipi?

Muuza mahamri, Makorora

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Lisiachwe lilivyo, na lising'olewe kabla ya kupimwa kilichobaki. Likionekana bado linafaa, livalishe kofia, na kwa gego la nyuma kama lako mimi nakushauri kofia ya chuma kitupu, ambayo hukutajiwa hata bei yake. Sababu nitakupa. Ila kuna jambo lisilosubiri mchezo wala friza: nenda kwa daktari wiki hii. Kwenda kuonwa si kwenda kununua kofia. Unakwenda ili kile kilichomomonyoka kizibwe sawasawa.

Hilo nalisema kwa msisitizo kwa sababu ya kitu cheupe ulichowekewa. Dawa ile ya muda ni laini, imetengenezwa ikae siku au wiki chache, kisha itolewe. Wewe umeikalia tangu kabla ya Ramadhani, na sasa ukuta wa jino ulioishikilia umevunjika. Mate yanapenya pembeni yake, na mate yana bakteria. Wakiteremka mpaka kwenye mizizi iliyosafishwa kwa shida ile yote, matibabu yanaharibika. Ndiyo maana daktari atataka kupiga picha nyingine. Akikuambia kwamba mizizi itibiwe upya kabla ya kofia, usidhani anakutafutia pesa. Mizizi iliyoachwa wazi kwa mate kwa miezi haifunikwi kwa kofia ya bei mbaya, maana ikija kuvimba chini itabidi kofia hiyohiyo itobolewe.

Nije kwenye hilo la kutouma, kwa sababu naona ndilo limekuongoza muda wote huu. Dada yangu, gego lako haliumi kwa sababu haliwezi kuuma. Daktari alipotibu mizizi alitoa neva na mishipa midogo ya damu iliyokuwa ndani, akasafisha mifereji, akaijaza. Kilichokuwa kinakupasha habari kwamba hapa pana moto, pana baridi, pana tundu, hakipo tena. Jino la namna hiyo linaweza kuoza upya, likapata ufa, ukuta mzima ukaondoka, nawe unakula mihogo yako kwa raha zako. Maumivu huja baadaye sana, uchafu ukishafika kwenye mfupa chini ya mzizi, na hapo huja na shavu lililovimba. Nimewaona wengi waliofika wakati huo wakisema, "Lakini halikuwa likiniuma." Ulipomomonyoka ukuta kwa mkate mtupu ulikuwa umeshapewa habari, ila si kwa njia ya maumivu.

Na kwa nini livunjike kwa mkate? Gego zima lina nguvu kwa sababu vilele vyake vimeungana, huku na huku, kwa kingo ngumu. Tundu lako la miaka lilikula ukingo mmoja, kokwa la ubuyu likaondoka na kingine, na daktari ili aifikie mizizi ilimbidi atoboe katikati. Zimebaki kuta nyembamba zilizosimama peke yake kuzunguka dawa laini. Mtu mzima akiuma kwa magego nguvu inaweza kufika kilo 50 na zaidi, yaani mfuko mzima wa saruji juu ya gego moja. Kila unapotafuna, kuta zile zinasukumwa kwenda nje. Zinavumilia, zinavumilia, halafu siku moja ukiwa na mkate laini mkononi mmoja unaachia. Bahati yako ni kwamba ufa ulikwenda pembeni. Ufa ukishuka katikati ya jino mpaka ukagawanya mizizi, hapo hakuna kofia ya pesa yoyote itakayosaidia, ni kung'oa tu.

Kofia kazi yake ni hiyo basi, kuzikumbatia kuta zote kwa pamoja ili zisiachane. Uzuri wa sura unakuja nyuma. Ndiyo sababu daktari hakukuambia "ukipenda", alikuambia usichelewe.

Sasa kuna sentensi moja umeiandika ukapita haraka, mimi nimesimama hapo. Umesema la kulia uling'oa. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa umekuwa ukitafunia kushoto, na gego hili ndilo linalobeba kazi hiyo. Ukiling'oa nalo, utatafunia wapi? Mume wako anasema kweli kwamba hukufa, na simlaumu, kwa sababu pengo la kwanza mtu hulizoea. Lakini mwombe akae nawe kwenye kioo, fungua mdomo, mtazame pamoja upande wa kulia. Huenda mkaona gego la nyuma limeanza kulalia kwenye pengo, au la juu limeteremka kutafuta mwenzake. Si kwa kila mtu, wala si kwa haraka, ila hutokea sana, na chakula hunasa katikati na kuozesha na la jirani. Mfupa wa taya nao hupungua pale mzizi unapotoka. Kwa hiyo hiyo sh 20,000 haimalizi. Ukija kutaka kuziba pengo hilo, iwe kwa meno ya kuvua na kuvaa au kwa daraja linalochonga majirani wawili wazima, utalipa tena. Mweleze hivyo kwa upole, bila kushindana. Mume anayesema ling'olewe mara nyingi anataka mkewe asisumbuke, na akiona unachokosa ndipo atakapokuunga mkono.

Mama mkwe mfikishie salamu zangu. Maneno yake ni ya kweli tupu, na mimi nayatumia kulitetea gego lako. Jino la pembe si dawa ya pengo, sawa, lakini wewe huna pengo upande huo. Una mizizi yako mwenyewe, imeshikwa na mfupa wako, na kitu cha kubandika hakiwezi kuifikia kwa uimara. Kofia haichukui nafasi ya jino, inalivaa jino lililopo. Akiona unang'oa kilicho hai mfupani ili baadaye ukatafute cha pembe, nadhani yeye ndiye atakuwa wa kwanza kukuzuia.

Yote hayo yanasimama juu ya swali moja ambalo mimi siwezi kulijibu nikiwa huku, ila daktari wako ataliona: ukuta mzima wa jino umebaki kiasi gani juu ya ufizi? Kofia inahitaji kushika jino lenyewe, si dawa. Tunapenda kuona angalau milimita 2 za jino gumu kuzunguka, zikitoka juu ya ukingo wa ufizi. Kama zipo, kofia hukaa. Kama upande mmoja ndio mfupi na mwingine uko vizuri, bado kuna njia, pengine kupunguza ufizi kidogo upande ule ili jino lionekane. Kama limekatikia usawa wa ufizi pande zote, au ufa umeingia mzizini, nataka daktari akuambie wazi usitupe pesa. Muulize kwa maneno hayahaya, "Ukuta uliobaki unatosha kushika kofia? Mizizi ikoje kwenye picha?" Daktari anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa. Atakuonyesha na picha.

Hofu yako ya kuchongwa naielewa, na sitakudanganya: jino huchongwa, na kilichochongwa hakirudi. Wanaokuambia linabaki kijiti wanatia chumvi. Kwa kofia ya kaure sehemu ya juu hupunguzwa kama milimita 2, na pembeni kama milimita 1 hadi 1.5, ili kofia ipate nafasi bila kulifanya jino kuwa nene au refu kuliko wenzake. Kwa jino zima lenye neva huwa nasita na kufikiri mara mbili, kwa sababu kuchongwa kunaweza kuisumbua neva baadaye. Lako halina neva, na sehemu kubwa ya kinachochongwa ni kuta zilezile nyembamba ambazo zingevunjika zenyewe vipandevipande. Kofia ya chuma inahitaji nafasi ndogo zaidi, kwa hiyo jino lako linabaki na mwili zaidi. Hiyo ni sababu yangu ya kwanza ya kukupendekezea chuma.

Ya pili, chuma hakimeguki. Kaure juu ya chuma ni nzuri kwa macho, ila kaure yake inaweza kubanduka kipande, hasa kwa mtu anayetafunia upande mmoja kama wewe, na miaka ikienda ufizi ukirudi nyuma huonekana mstari mweusi chini. Zirkonia, yaani kaure ngumu isiyo na chuma chini yake, ni imara sana, ina rangi ya jino, na kama ungekuwa na pesa bila mawazo ningekuambia ichukue uwe na furaha nayo. Lakini gego la kwanza la chini, ukicheka huonekana kidogo tu, na hata likionekana, bibi zetu wa pwani hii walivaa jino la dhahabu mbele kwa urembo wala hakuna aliyewacheka. Ya tatu ni bei: kofia ya chuma kitupu mara nyingi huwa chini ya ya kaure. Uliza. Pengine hukutajiwa kwa kuwa wateja wengi huikataa kabla haijamaliziwa kutamkwa.

Kabla hujakubali chuma, jiangalie masikioni. Kama hereni za bei rahisi huwa zinakuwasha na kutoa majimaji, mwambie daktari. Chuma cha kofia nyingine kina nikeli, na kuna watu miili yao haipatani nayo. Ipo ya kobalti na kromiamu isiyo na nikeli, aagize hiyo, au hapo ndipo zirkonia inapostahili pesa yake.

Kitini mambo yatakwenda hivi. Atatoa dawa yote ya zamani na uozo, ajenge kiini kigumu ndani ya jino. Kama kuta ni chache sana anaweza kuweka kipini ndani ya mzizi ili kiini kipate pa kujishika. Ganzi utapigwa ingawa jino halina neva, kwa sababu ufizi unao uhai wake. Akimaliza kuchonga ataingiza uzi mwembamba kati ya ufizi na jino, ufizi ujisogeze, ndipo ukingo wa jino uonekane vizuri kwenye kipimo, yaani nakala ya umbo la jino atakayopelekewa fundi. Hapo ndipo nakuomba uvumilivu. Utajaziwa sinia lenye kitu kama donge mdomoni, utapumua kwa pua dakika chache, mate yatajaa, na usitikisike. Kipimo kikivutika hata kidogo pale ukingoni, kofia haitakaa sawa, na fundi wa maabara ya meno hana namna ya kujua. Kama umechagua kofia yenye rangi ya jino, rangi ichaguliwe mwanzoni kabisa, kabla hujachongwa, karibu na dirisha na bila rangi ya mdomo. Meno yakikaa wazi muda mrefu hukauka na kuonekana meupe kuliko yalivyo, na watu huishia na jino jeupe peke yake.

Utaondoka na kofia ya plastiki ya muda. Hiyo hushikishwa kwa simenti nyepesi, na mara nyingi utaisikia ikinukia karafuu. Ni kweli ni karafuu, kiungo chake kikuu, eujenoli, kinatoka kwenye mafuta ya mmea uleule unaolimwa ng'ambo yetu Pemba. Kikichanganywa kwa kipimo kinatuliza. Wewe uliisaga na kuijaza ikiwa kali, ndiyo maana iliunguza ufizi na neva ikabaki na hasira zake. Ukiwa na kofia ya muda usitafune upande ule vitu vya kunata, kashata na halua viache kidogo, na uzi wa kusafishia uvute kwa pembeni badala ya kuunyanyua juu.

Kofia yenyewe ikija, daktari ataijaribu kwanza bila simenti. Usione haya kusema. Ataweka karatasi ya rangi uume, arekebishe, uume tena. Uma kwa kawaida, kisha sogeza taya kulia na kushoto kama unayetafuna. Ikigonga kabla ya meno mengine, hata kwa unene wa unywele, sema, na kama umeligundua nyumbani ganzi ikishaisha, rudi kesho yake. Kofia iliyo juu huumiza taya na hulilegeza jino. Watu huambiwa na majirani "utaizoea". Hii haizoeleki, inarekebishwa kwa dakika chache.

Jirani yako wa biriani namwonea huruma, na harufu ile ina sababu. Kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake huoza, hasa pale ukingoni ambapo kofia inakutana na jino. Simenti ikiyeyuka upande mmoja, au ukingo ukiwa haukubana tangu mwanzo, chakula huingia na kukaa humo. Kofia ikichomoka, mtu aisafishe, aiweke kwenye kikopo, aende nayo kwa daktari ndani ya siku chache. Asiigandishe kwa gundi ya dukani. Kama jino la ndani bado zima, mara nyingi huweza kurudishwa ileile. Mwambie aende, pengine hajachelewa.

Wewe yako utaitunza kwa mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floridi, ukiuelekeza mswaki kwenye ufizi pale kofia inapoishia, na kwa uzi wa meno kila usiku kati ya kofia na majirani zake. Mswaki wa mti si mbaya, ila nyuma huko haufiki vizuri. Kofia iliyotengenezwa na kutunzwa vizuri hukaa miaka 10 hadi 15, nyingine zaidi. Na kokwa za ubuyu, dada yangu, mumunya uteme.

Kijana wa sh 40,000 naomba asikuguse, na uwaambie majirani zako. Hapigi picha, hatibu mizizi, hachukui kipimo, hasafishi uozo. Anabandika bati juu ya jino lilivyo, ukingo wake unaning'inia nje, ufizi unavimba na uozo unaendelea gizani. Na vyombo vyake, anavichemshia wapi kati ya mdomo na mdomo? Homa ya ini ya virusi B husafiri kwa damu ndogo sana. Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na una haki ya kuuliza leseni. Kuhusu wifi yako, jino la skrubu ni matibabu mazuri kwa mwenye pengo, ni ghali kuliko kofia, huchukua miezi, na hakuna sababu ya kung'oa mzizi unaofaa ili kulipandikiza. Pengine siku moja kwa lile pengo la kulia.

Tumalizie na pesa, maana najua friza ni riziki ya watoto. Ukienda wiki hii, omba dawa ya muda itolewe na jino lizibwe kwa dawa ngumu ya kudumu, na vile vilele vilivyobaki vipunguzwe urefu kidogo na kufunikwa na dawa hiyohiyo ili visigongwe moja kwa moja. Hilo ni la bei ndogo kuliko kofia na linaweza kukupa miezi ya kujipanga, si miaka. Kama kliniki ile ni ghali, kaonwe kitengo cha kinywa na meno pale Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ulinganishe. Una kadi ya bima? Uliza dirishani kabla hujakaa kitini kama kofia imo, kwa sababu kung'oa na kuziba kuwemo hakumaanishi na kofia imo. Uliza pia kama wanapokea nusu ya malipo siku ya vipimo na nusu nyingine siku ya kuvalishwa, kofia inatengenezwa wapi, na ikichomoka ndani ya mwaka nani analipia. Kwa bei ya chuma huenda mchezo wako ukatosha kofia na kubakiza kianzio cha friza. Ikibidi kimoja kitangulie, mimi nasema gego, kwa sababu friza ya mwezi ujao na ya miezi mitatu ijayo ni ileile, na ukuta wa jino lako sivyo.

Ukiona uvimbe shavuni, usaha kwenye ufizi, homa, au mdomo hauwezi kufunguka, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. La sivyo nenda wiki hii, kisha niandikie umeambiwa ukuta umebaki milimita ngapi. Wakikuambia ling'olewe, omba wakueleze wameona nini kwenye picha kabla hujapigwa ganzi.